Maziwa yalikauka nikiwa nimelazwa, yakarudi: yaliyotukuta mimi na binti yangu hapa Kigoma

Nianze na jibu kabisa maana najua kuna mama anasoma hapa huku mtoto analia. Ndio, maziwa yakishakauka yanaweza kurudi. Sio kila mtu yanamrudia yote, na hayarudi kwa siku mbili, wala hayarudi kwa supu, ila yanarudi. Yangu yalikua yamekauka kabisa, nakamua hata unyevu hautoki, na binti yangu alikua ameshazoea chupa kiasi kwamba akiletewa titi anageuza uso kule kama kaletewa dawa chungu.

Ilikua hivi. Nilijifungua Januari 2024, mtoto wangu wa pili, ananyonya vizuri hana shida yoyote. Mwezi wa tatu mwishoni kidole tumbo kikanipasukia, kufika hospitali usaha umeshasambaa tumboni, nikapewa rufaa kwenda Mwanza. Huko nikafunguliwa tumbo zaidi ya mara moja na nikakaa mpaka mwezi wa tano unaanza. Mtoto alibaki hapa Kigoma mjini, Mwanga, kwa mama mkwe, asingeweza kulala wodini na mi mwenyewe kugeuka kitandani ilikua mpaka nishikwe.

Sku za kwanza kifua kilijaa kikawa kigumu, kina joto, maziwa yanachuruzika yanalowesha shuka. Mama aliyelazwa kitanda cha jirani akanionea huruma akanifunga kanga kifuani kwa nguvu, vile wanavyofungwa wanaoachisha, na kweli baada ya siku kadhaa kikanywea, nikashukuru maumivu yamepungua. Hospitali yenyewe siitaji jina, walinitibu nipo hai, Mungu awabariki. Ila katika wote waliopita pale kitandani na mafaili yao hakuna hata mmoja aliyesema mama wewe una mtoto mchanga, kamua hata mara kadhaa kwa siku yasikatike. Ni sentensi moja tu, na mpaka leo nikiikumbuka ile wodi naumia kwa ajili hiyo.

Nikarudi kwa basi, Kahama, Nyakanazi, Kibondo, Kasulu, mshono unagongwa na kila tuta. Nafika nyumbani mtoto kapungua mashavu. Mama mkwe alikua anampa maziwa ya kopo, na sasa ngoja niwaambie kitu kuhusu kopo, mtoto wa miezi mitatu anayekunywa kopo peke yake akipewa kwa kipimo sahihi, lile la gramu 400 linakata kama siku tatu tu hivi. Piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Mama mkwe alipiga akaona haiwezekani, akawa anapunguza unga anaongeza maji ili lifike mbali, na mtoto akawa anashiba maji. Simlaumu hata kidogo, alikua analea mtoto kwa hela aliyokua nayo. Ila kadi ya kliniki ilionyesha, mstari wa uzito ulikua umelala, na alishaharisha pia kwa ajili ya chupa zile na maji yetu haya.

Afu ndo likaja la kufungwa kwa ziwa. Wa Kigoma mnajua, mwaka ule ule 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mume wangu ni mtu wa dagaa, anashinda usiku ziwani na taa zake, anarudi asubuhi mwaloni Kibirizi. Kufungwa miezi mitatu maana yake hakuna hela ya kopo, sio kwamba itakua ndogo, haipo. Kwaiyo mtu asije akadhani nilianza hii kazi kwa sababu ya mapenzi tu na kusoma mambo ya afya, hapana, nilianza kwa sababu kopo lilikua linaisha na mvuvi yuko nyumbani anacheza bao.

Nikaenda kliniki kupima mtoto, nikamweleza nesi. Mama mtu mzima, anaongea taratibu. Akaniuliza, "Mama, mtoto ana miezi mingapi?" Nikamwambia mitatu na kidogo. "Basi bado tuna nafasi. Uko tayari kukesha?" Nikacheka, nikasema nisipokesha kwa hili nitakesha kwa njaa yake.

Kabla ya yote akanipima tena virusi vya ukimwi, akasema mtu yeyote anayetaka kuanza au kurudia kunyonyesha lazima ajue hali yake kwanza, na hata mama mdogo au bibi anayetaka kumnyonyesha mtoto aliyefiwa na mama yake naye anapimwa. Hapo ndo nikajua kumbe kuna mabibi wananyonyesha wajukuu, mtu kakaa miaka hajabeba mtoto na maziwa yanatoka, sababu kinachoita maziwa sio mimba peke yake, ni mtoto kunyonya. Akauliza na dawa ninazokunywa, akauliza na uzazi wa mpango, maana vile vidonge vya mchanganyiko vinapunguza maziwa, akanieleza njia zisizoyagusa.

Afu akanieleza mwili unavofanya kazi. Matiti sio simtanki kwamba unajaza afu unafungua bomba. Maziwa yanatengenezwa mtoto anapovuta, ule mvuto unaenda mpaka kwenye ubongo, ubongo unatoa homoni ya kutengeneza, inaitwa prolaktini, na nyingine ya kusukuma yatoke, oksitosini. Asipovutwa mtu, mwili unaona hakuna mteja unafunga duka. Ukianza kuvutwa tena mara nyingi unafungua. Mara nyingi maana yake kila baada ya saa mbili hivi mchana, mara 8 mpaka 12 kwa siku nzima, matiti yote mawili, dakika kumi na kitu kila upande, na usiku usiruke maana usiku hiyo prolaktini inapanda zaidi. Na chupa ife. Chakula chake kingine chote apewe kwa kikombe.

Kwa kikombe nilidhani atapaliwa. Hapaliwi jamani, unamkalisha wima mapajani, unagusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, humwagii, yeye mwenyewe anatoa kaulimi analamba kama paka. Kanga zitalowa, zoea.

Shida kubwa ilikua kumrudisha kwenye titi, mtoto ananyonya dakika ngapi kitu ambacho hakina kitu? Anavuta mara tatu anaona kakavu, analia mpaka anakua mwekundu. Ndo nesi akatupa ule mpira mwembamba wanaowapitishia watoto njiti puani kuwalisha. Unaweka maziwa kwenye kikombe, ncha moja ya mpira inazama kwenye kikombe, ncha ya pili unaibandika kwa plasta kidogo kwenye titi mpaka ifike kwenye chuchu, mtoto akidaka chuchu anadaka na mpira. Kwaiyo anavuta titi langu kavu ila mdomoni anapata maziwa ya kikombeni, anadhani yanatoka kwangu, na mwili wangu nao unadhani una mtoto anayenyonya. Wote wawili mnadanganywa kwa wakati mmoja, ndo uzuri wake.

Kikombe ukikiinua yanakuja haraka, ukikishusha chini ya titi yanakuja polepole, na nesi alisisitiza yasikimbie, mlo mmoja uchukue kama nusu saa ili avute muda mrefu. Akimaliza mpira unapitishwa maji ya sabuni hapo hapo afu maji ya moto, ukisubiri mpaka asubuhi maziwa yanagandia ndani na unakua umemtengenezea mtoto kuharisha kwingine.

Sasa we fikiria, una mshono tumboni hujapona vizuri, mkono mmoja umeshika kichwa cha mtoto, mkono wa pili unashika titi, kikombe kinashikwa na nani? Hapa ndo pana stori yote ya kurudisha maziwa na ndo watu hawaisemi. Watasema kula karanga, kunywa uji wa pilipili manga, omba Mungu. Hakuna anayesema tafuta mtu wa kushika kikombe.

Mtu mwenyewe alikuwepo, mvuvi wangu kafungiwa ziwa. Lakini mama mkwe alikua na mambo mawili. La kwanza, maziwa yangu yameshalala. Yamekaa kifuani zaidi ya mwezi yameoza, akinyonya mtoto ataendesha tumbo mpaka tumkose. La pili ni la kubemenda. Kwamba mume akilala chumba kimoja na mama anayenyonyesha, wakakaribiana, mtoto anabemendwa, anadhoofu, anashindwa kutembea. Na kwa vile mtoto tayari kakonda mashavu kila mtu mtaani anaangalia, ushahidi upo. Kwaiyo mvuvi akahamishiwa sebuleni kwenye mkeka.

Mimi na mama mkwe tunaheshimiana, nisingeweza kumwambia mama unakosea. Nikamwomba twende wote kliniki ya wiki inayofuata, nikasema mama naomba unisindikize huu mshono bado. Nesi hakumbishia hata neno moja, akamwamkia shikamoo mama, akamsifia kwa kumtunza mjukuu mwezi mzima, afu akaniambia nikamue mbele yake. Nikakamua, hakikutoka kitu. "Unaona mama, hakuna yaliyolala. Hakuna hata tone. Yatakayokuja yatakua mapya ya leo." Mama mkwe akainama akaangalia kabisa, akabonyeza mwenyewe na kidole chake, akasema heee. La yaliyolala likaishia hapo. La kubemenda halikuisha, mpaka leo anaamini, ila nesi alimwambia mtoto anayekonda anakonda kwa kukosa chakula na kuharisha, na kwamba baba anahitajika pale usiku kwa kazi, sio kwa hilo mama analoogopa. Tukakubaliana baba aingie chumbani kushika kikombe, na mama mkwe alikua anakohoa ukumbini kila akisikia kimya kimerefuka. Nacheka saa hii, kipindi kile sikuweza kucheka.

Basi usiku picha ni hii, nimelala ubavu, au nimekaa mtoto nimempitisha kwapani miguu yake imeelekea nyuma ili asiniguse mshono, tochi ya simu imeegeshwa dirishani, mume wangu kapiga magoti pembeni ya kitanda kashika kikombe cha chai na macho yake yako kwenye ule mpira. Mtu aliyezoea kushika nyavu, anashika mpira mwembamba kuliko mrija wa juisi. Mtoto akikataa kudaka kuna njia nyingine nesi alitufundisha, anachota maziwa na kijiko anadondoshea juu ya titi yanateremka mpaka kwenye chuchu, mtoto akinusa na kuonja anafungua mdomo. Sku za mwanzo tulitumia sana kijiko. Godoro lilinuka maziwa yaliyochacha kama tuna ndama ndani.

Nyakati za kumwekea ukichagua vizuri inasaidia sana. Akiwa na njaa kali hakubali, anakasirika. Mpe kwanza kidogo kwa kikombe apunguze hasira. Akiwa amesinzia nusu nusu ndo muda mzuri kuliko wote, anadaka bila kujua. Mchana nilikua namlaza kifuani ngozi kwa ngozi, amevaa nepi tu, kanga juu, simlazimishi, akitaka kutafuta anatafuta. Kuna siku alikua kalala hivyo akateremka mwenyewe akadaka bila mpira bila kijiko, sikupumua.

Maji maji yalianza kuonekana kama wiki ya pili hivi. Nakamua baada ya kunyonyesha, kidole gumba juu na vingine chini, unarudisha nyuma kuelekea mbavuni kwanza afu unabana, hauvuti chuchu, pakatokea kitone cheupeee kama maji yaliyooshewa mchele. Nikaita mama! Mama mkwe kaja mbio na mwiko mkononi anadhani nimeanguka.

Hapo msidhani tumemaliza. Hapo ndo watu wengi wanaharibu, wanaona matone wanakata kopo lote siku hiyo hiyo mtoto anashinda njaa. Tulivyoelekezwa ni kwamba unapunguza mililita 50 tu kutoka kwenye jumla ya siku nzima, mfano milo miwili kila mmoja unatoa 25, afu unakaa hapo siku kadhaa unaangalia. Anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na mkojo sio wa njano kali? Anaongezeka angalau gramu 125 kwa wiki? Ndio, punguza tena 50. Hapana, simama au rudisha. Kwaiyo nilikua kila wiki kwenye mzani, kabla hata ya mikutano ya kina mama haijaanza nishafika. Kuna wiki hakuongezeka kitu, tukarudisha, nikalia njia nzima kutoka kliniki, boda ananiuliza mama kuna msiba?

Na hela ya hilo kopo lililobaki? Tuliuza baiskeli. Na shemeji yangu wa Ujiji anayekamua mawese alituchangia. Nasema hivi ili mtu aelewe kwamba huku ukirudisha maziwa bado unatakiwa uwe na maziwa mengine ya kumlisha katikati, usianze bila hilo kulijua.

Kuhusu chakula sasa. Kila aliyekuja kunisalimia alisema kunywa supu ya migebuka, mama mkwe ndo kabisa, kwake mzazi bila supu ya samaki sio mzazi. Migebuka ya wapi na ziwa limefungwa! Kilichokuwepo ni ugali wa muhogo, maharage yameungwa mawese, uji wa karanga. Nikawa nakula hayo nashiba, nakunywa maji nikisikia kiu, sio kujilazimisha ndoo nzima kama nilivyoambiwa na mwingine. Na maziwa yakaja. Sikatai kwamba mama anatakiwa ale, mama mwenye njaa atafanyaje kazi hii, ila samaki hakuwepo na maziwa yakaja, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kuna jirani aliniletea vidonge kwenye karatasi, anasema dada yake alivitumia maziwa yakamwagika. Nikavipeleka kwa nesi kabla sijameza. Akasema kuna dawa za kuzuia kutapika ambazo madaktari wengine huwapa kina mama kwa ajili hiyo, metoclopramide na domperidone, lakini moja inaweza kumletea mtu huzuni nzito na nyingine ina shida na mapigo ya moyo, kwaiyo anaandika daktari anayekujua, sio jirani. Na hata ukimeza, mtoto asiponyonya hamna kitu. Mi sikutumia. Aliyetumia kwa kuandikiwa simsemi vibaya.

Kazi za ndani sikugusa. Hili nitalisema kwa sauti maana ndo lililonibeba. Mdogo wangu alikuja kutoka Kasulu, yeye na mama mkwe walibeba maji, kupika, kufua, mtoto wangu mkubwa kumpeleka shule. Mume alianza kwa kushika kikombe akaishia kufua nepi, watu wakampitia uani wakamcheka, akasema ziwa likifunguliwa nitaacha. Ukinyonyesha nusu saa kila baada ya saa mbili, ukakamua, ukaosha kikombe na mpira, huo muda uliobaki ni wa kufumba macho. Mama ambaye hana mtu wa kumsaidia halafu haya mambo yakamshinda, msimwambie hakukomaa, mwulizeni nani alikua anamchotea maji.

Mwezi wa saba mpira tuliuacha, ananyonya moja kwa moja. Kikombe cha kopo cha jioni hakikuisha lakini, jioni maziwa yangu yalikua yanapungua na titi la kushoto halikuwahi kulifikia la kulia mpaka leo. Niliumia mwanzo nikiona sijamaliza kazi, nesi akaniambia hata angekua ananyonya nusu tu bado ni faida. Ile wiki ya unyonyeshaji ya tarehe 1 mpaka 7 Agosti akaniomba nisimame niongee na wenzangu pale kliniki, nikaongea huku natetemeka. Binti yangu alishafikisha miezi sita, ameanza na uji, kile kikombe cha jioni kikafa chenyewe. Ziwa likafunguliwa, mvuvi akarudi zake kwenye taa, na binti alinyonya mpaka akatembea, alitembea kwa wakati wake tena, mama mkwe anasema ni kwa vile yeye alikua anakohoa pale ukumbini.

Juzi kati kuna mwenzangu wa mtaa wa pili alikuja, wa kwake ana miezi mitano na hajanyonya tangu ana mmoja. Nilimwambia ukweli, mtoto mkubwa hivyo na aliyeacha siku nyingi ni mgumu zaidi, ila ajaribu. Mtoto kagoma kabisa kudaka, tumejaribu kijiko, tumejaribu akiwa usingizini, hataki. Ila yeye anakamua, na sasa anapata kikombe kidogo asubuhi na kingine usiku, mtoto anakunywa ya mama yake kwa kikombe na kopo wanalo la kujazia. Aliniomba ule mpira wangu. Huo niliutupa zamani, na hata ningekua nao hauazimwi, nimemwambia aende kliniki wampe mpya, na aende na mtu.